Mama Masjala na Ghala la Matoleo

Siku ya kwanza nilipoingia ofisini kwa Mama Masjala, alinitoa. Nilikuwa na tai shingoni, shahada mbili za ng'ambo mkobani na chupa ya soda mkononi. Aliitazama chupa. Mimi hakunitazama.

"Soda nje," alisema. "Wewe unaweza kubaki."

Nikatoka na soda yangu. Nilijiambia nimetoka kwa hiari, kwamba mtu wa elimu yangu hagombani na karani juu ya kinywaji. Niliimalizia ukumbini nimeegemea ukuta, huku wahudumu wakipita na kunipa pole.

Jina lake alikuwa nalo, tena liliandikwa mlangoni, lakini chuo kizima hakuna aliyelitumia. Alikuwa ameiongoza masjala, yaani chumba cha mafaili yote ya chuo, kwa muda mrefu hata kazi ikalimeza jina. Mkuu wa Chuo mwenyewe alimwita hivyo, na nilimsikia akimwita hivyo hata kwenye msiba. Ninachojua kuhusu kwao ni kwamba alitoka kusini, kwa sababu kila aliporudi likizo meza yake ilinuka korosho za kukaanga.

Hizo korosho nizimalize hapa hapa. Ukutani alibandika tangazo kwa wino mwekundu: MARUFUKU KULA KARIBU NA MASHINE. Chini ya tangazo kulikuwa na droo, na ndani ya droo kulikuwa na korosho zilizofungwa kwenye gazeti. Alikula moja moja, mkono wa kushoto, huku wa kulia ukiandika. Siku moja nilijipa ujasiri nikamuuliza kuhusu jambo hilo. Akaifunga droo taratibu.

"Tangazo linasema kula," alisema. "Mimi naonja."

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, na Kariakoo kila ukipita unakuta kontena jipya la mtumba linafunguliwa: majokofu, redio, na sasa kompyuta. Chuo chetu kilikuwa kimetawanyika mjini kama familia iliyogombania nyumba. Jengo kuu lilitazamana na viwanja vya Mnazi Mmoja, idara ya biashara ilikuwa ghorofani juu ya maduka ya vitambaa Kariakoo, na maabara ilikuwa kwenye godauni la zamani karibu na bandari. Kila tawi likanunua kompyuta zake, na kila kompyuta ikawa na ukweli wake. Programu ya kukokotoa alama za wanafunzi ilikuwa na nakala tano, na hakuna mbili zilizofanana. Mitaala ilizunguka kwenye disketi. Ukifungua disketi unakuta faili linaitwa MWISHO, la pili MWISHO2, la tatu MWISHO KABISA, na lililo sahihi ni lile la pili.

Ndipo Mkuu akaniagiza nijenge huduma moja kwa chuo chote: mashine moja ya kutunza programu, mitaala na noti za matawi yote, na kila toleo likae na jina la aliyebadilisha, siku, na sababu. Niliipa huduma ile jina refu la Kiingereza ambalo leo naona aibu kulitaja. Watu wakaiita Ghala. Na usimamizi wa Ghala akapewa Mama Masjala, kwa kuwa chumba chake ndicho pekee kilichokuwa na kiyoyozi kinachofanya kazi na kitasa kinachofunga. Angalau hivyo ndivyo nilivyoelewa mimi. Baadaye niligundua kwamba Mkuu alikuwa na akili kuliko nilivyomdhania.

Nilimwandalia somo. Nilichora ubaoni miti yenye matawi, mishale ya rangi tatu, na masanduku ndani ya masanduku. Nilizungumza saa mbili. Yeye alikaa ameshika kalamu na daftari la jalada gumu, na hakuandika kitu. Nilipomaliza nilimuuliza kama ana swali.

"Mtu akichukua faili," alisema, "inaandikwa kwamba kalichukua?"

"Ndiyo, mama. Hiyo ndiyo—"

"Na mwingine akilitaka, anaambiwa liko kwa fulani?"

"Ndiyo."

"Likirudi, inaandikwa limerudi, na limefanywa nini?"

"Ndiyo, lakini kwa njia ya kielektroniki."

Akalifunga daftari. "Basi ni masjala," alisema. "Masjala yenye waya. Ungesema hivyo asubuhi, mwalimu, ningewahi kuchambua mchele."

Tangu siku ile sikumfundisha tena. Kusema kweli, baada ya mwezi mmoja mimi ndiye niliyekuwa napita kwake kuuliza nimeliacha wapi faili langu.

Wahadhiri walilikataa Ghala mwanzoni. Sababu waliyoitoa ni kwamba laini ya simu inakatika mvua ikinyesha, na ni kweli ilikuwa ikikatika. Sababu waliyoificha ni kwamba hawakutaka mwenzao aone makosa yao. Mama Masjala hakuandika waraka wala hakuitisha semina. Alifunga kilemba, akachukua daftari, na akaanza kuzunguka kwa miguu. Kutoka Mnazi Mmoja hadi Kariakoo, apande ngazi zile za juu ya maduka ya vitambaa, asimame mlangoni kwa mhadhiri na kusema, "Nimekuja kuchukua MWISHO KABISA." Kulikuwa na profesa mmoja wa hisabati aliyemwambia waziwazi kwamba anaogopa kuibiwa noti.

"Profesa," alimjibu, kwa heshima zote, "wanafunzi wako wenyewe hawazitaki. Nani mwingine atazitaka?"

Profesa alicheka mpaka akatoa disketi. Ningesema mimi maneno hayo, ningeandikiwa barua.

Kitu ambacho hakukisamehe ni sababu mbovu. Ghala lilimtaka kila anayerudisha faili aandike kwa nini amelibadilisha. Sisi wasomi tuliandika "marekebisho madogo", tukaandika "n.k.", na mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa ni mimi, aliandika "tazama mwenyewe". Mama Masjala alizisoma zote. Kesho yake asubuhi ungekuta kikaratasi mezani kwako kwa mwandiko wake uliosimama wima: "Naona umebadilisha. Nimeuliza kwa nini."

Lakini mtu asidhani alikuwa malaika wa utaratibu. Mkoba wake ulikuwa jalala. Miwani yake ilipotea kila siku, na mara mbili tuliitafuta ofisi nzima ikiwa kichwani kwake, juu ya kilemba. Alisema hapendi umbea, na habari zote za chuo nilizipata kwake. Alipenda kusema "mimi kompyuta siijui", na alikuwa akilisema hilo huku vidole vikipiga kibodi bila kutazama. Fundi wetu wa mashine, Bwana Pravin, alimfundisha yale niliyodhani hayamhusu. Pravin alikuwa amenizidi miaka kumi hivi, mzaliwa wa Kisutu, mtu wa maneno machache na bisibisi mfukoni mwa shati. Aliishi na mama yake. Mchana alikuwa akipita masjala, wanakaa wawili mbele ya skrini, hawasemi kitu, wanaonja korosho.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana bila hiyo huyu mama mngemjua nusu.

Ijumaa moja, kabla ya matokeo ya mitihani, niliichukua programu ya alama kutoka Ghala. Nilikuwa nawahi harusi Ilala, na nilikuwa nimeshavaa suti. Niliona mistari kadhaa imeandikwa vibaya, nikaipanga upya ipendeze. Katika kupanga nikabadilisha namna ya kushughulikia nusu alama. Zamani arobaini na tisa na nusu ilipanda kuwa hamsini, mwanafunzi akafaulu. Baada ya mkono wangu ikawa inashuka. Sikuijaribu. Niliirudisha, nikaenda harusini, nikacheza vibaya.

Matokeo yalipobandikwa, wanafunzi wengi walikuta wameshindwa kwa alama moja. Mmoja alikaa chini palepale mbele ya ubao na hakutaka kunyanyuliwa. Kufika mchana walikuwa wamejaa Mnazi Mmoja wanaimba nyimbo zenye jina la Mkuu ndani yake, na si za kumsifu. Mkuu akaniita.

"Mwalimu, ni nini hiki?"

Na mimi, bila kupepesa jicho, nikasema, "Mashine." Nikaeleza kwamba wiki ile Pravin alikuwa amebadilisha kipande ndani ya kompyuta ya alama, na kipande chenyewe kilikuwa cha mtumba kutoka Kariakoo. Nilitumia maneno makubwa. Niliamini nilichosema, na nilikiamini kwa sababu kilikuwa kinanifaa.

Jioni ile Pravin alipewa barua ya kusimamishwa kazi mpaka kamati ikae. Ieleweke ilikuwa na maana gani wakati ule. Tulikuwa tumeshaambiwa kwamba chuo kitapunguza wafanyakazi, na kila mtu alijua orodha itaanzia kwa wenye doa kwenye mafaili yao. Alipita mbele ya mlango wangu akiwa na kisanduku chake cha vifaa. Nikajifanya natafuta kalamu.

Kesho yake nililifungua Ghala ili nikusanye ushahidi dhidi yake. Nilitafuta programu ya alama, nikashuka kwenye orodha ya matoleo mpaka la mwisho. Jina lilikuwa langu. Siku ilikuwa Ijumaa. Na kwenye sababu palikuwa na neno moja: "usafi".

Nikaizima skrini. Kisha nikateremka masjala. Mama Masjala alikuwa peke yake, anapanga mafaili ya likizo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

"Mama, umeliona toleo la mwisho la programu ya alama?"

"Nimeliona jana."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Na ukiulizwa?"

"Nitajibu," alisema, kana kwamba nimemuuliza kama kesho kutakucha.

Nilikwenda nikafunga mlango. Nilikuwa na maneno mazuri niliyoyapanga kwenye ngazi, kuhusu heshima ya huduma yenyewe, kwamba Ghala bado changa, kwamba kashfa italiua. Yote yaliniruka. Nikasema tu, "Mama, unaweza kuuondoa ule mstari mmoja?"

"Naweza."

Sikutegemea jibu hilo. Nilidhani hajui.

"Pravin alinionyesha namna," alisema. "Ni kazi ya dakika mbili. Nikishauondoa, Pravin nitamwambia nini?"

Nilitazama sakafu. Ilikuwa imepigwa deki asubuhi ile, na viatu vyangu vilikuwa vimeacha alama kutoka mlangoni.

"Hapa hatufuti, mwalimu," alisema. "Hata kwenye karatasi sijawahi kufuta. Ukikosea unaandika chini yake. Sogeza kiti."

Alinikalisha mbele ya mashine yake. Akarudisha toleo la zamani, lile lililopandisha nusu alama, akanitaka nilijaribu kwanza. Nikalijaribu. Kisha ikaja nafasi ya kuandika sababu, na yeye akasimama nyuma yangu.

Niliandika: "Kosa lilitokea katika programu."

"Kosa halitokei, si mvua hiyo," alisema. "Nani?"

Nikafuta, nikaandika: "Imebainika kuwa programu ilibadilishwa kimakosa."

"Nani kabaini? Nani kabadilisha? Mwalimu, wewe umesoma. Andika kama mtu."

Mara ya mwisho kusimamiwa hivyo nilikuwa darasa la tatu. Mwisho nikaandika: "Mimi nilibadilisha nusu alama Ijumaa bila kujaribu. Wanafunzi wameumia kwa sababu hiyo. Bwana Pravin na kifaa alichoweka hawahusiki. Narudisha toleo la awali". Aliisoma mara mbili, midomo ikicheza. Akanyoosha kidole kwenye skrini.

"Baada ya 'awali' weka nukta."

Nikaweka nukta. Nikarudisha faili. Akachapa ukurasa ule kwenye printa, akanikabidhi. "Peleka mwenyewe," alisema. "Mimi sipelekagi barua za watu wazima."

Hesabu ilirudiwa siku ileile na matokeo yakabandikwa upya. Pravin alirudi kazini. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikaondolewa kwenye safari moja ya semina ng'ambo niliyokuwa nimeshaitangazia ukoo mzima, na chuoni nikapata jina: Daktari Usafi. Udaktari sikuwa nao bado. Ulipokuja, baada ya miaka, watu walidhani ndio ule ule.

Pravin hakunisemesha muhula mzima. Siku moja tukakutana ngazini, akasimama.

"Siku mbili zile mama yangu hakula," aliniambia. Halafu akaniuliza kama printa ya ofisini kwangu bado inakwaruza karatasi, na alasiri akaja akaitengeneza. Mpaka leo sijui jibu sahihi la sentensi ile ya kwanza lilikuwa lipi. Nililosema mimi ni "aa".

Ghala likashamiri. Baada ya kisa changu wahadhiri waliliamini, maana waliona kwamba halimjui mtu. Matawi yote yakaweka kazi zao humo, hata wale wa karibu na bandari ambao walikuwa hawakubaliani na yeyote juu ya lolote. Na sababu zikawa sababu. Nilisoma moja ya yule profesa wa hisabati iliyokuwa na kurasa mbili.

Kisha zamu ya kupunguza watu ikafika kweli. Wakaja washauri wenye mashati ya mikono mirefu, wakazunguka na fomu, na katika ripoti yao wakaandika kwamba chuo chenye Ghala la kisasa hakihitaji tena masjala. Walilisifu sana Ghala. Hawakuuliza nani analiendesha. Kikao cha kupitisha orodha nilikuwemo, kwa kuwa nilikuwa nimeshapandishwa. Jina lake likasomwa, jina lile la mlangoni, na kwa sekunde kadhaa baadhi ya wajumbe hawakujua ni nani. Mimi nilijua. Nilikuwa na mkopo wa kiwanja, watoto wawili, na barua ya onyo kwenye faili. Nikanyamaza.

Makabidhiano yalifanywa kwangu, yakachukua siku tatu kwa sababu alitaka kila kitu kisainiwe. Nilisaini funguo, nikasaini kabati, nikasaini madaftari. Siku ya mwisho alinipa kikaratasi chenye maneno ya siri ya mashine, akanisubiri niyakariri, akakichana. Aliondoka kwa mguu kuelekea Kariakoo, mkoba ukiwa wazi begani kama kawaida. Ghala lililegalega baada yake. Muhula haukuisha, nikaanza kuona tena faili linaitwa MWISHO2.

Miaka ilipita, zaidi ya kumi. Nilikuwa nimekuwa mkuu wa kitivo na nimeota kitambi cha kulingana na cheo. Asubuhi moja nilikuwa nakwenda kuhutubia mkutano wa vyuo kwenye ukumbi wa hapo mjini, juu ya kutunza kazi za kitaaluma kwa pamoja. Nilipita Kariakoo kumchukulia mke wangu zipu ya gauni, na katika kubanana na watu kwenye Mtaa wa Congo kifungo cha shingoni kikaruka. Nikaingia fremu ya duka ya kwanza niliyoona imening'iniza nyuzi. Ilikuwa nyembamba, mtu akisimama mteja mwingine anangoja nje, na ukutani vifungo vimepangwa kwa ukubwa na rangi ndani ya makopo ya maziwa. Nyuma ya meza alikaa yeye, nywele nyeupe, anatafuta miwani.

"Iko kichwani, mama," nilisema. "Shikamoo."

Aliishusha, akanitazama.

"Marahaba. Mwalimu! Umenenepa."

Tuliulizana hali. Pravin, aliniambia, yuko na duka la kutengeneza simu mtaa wa pili, na mama yake alishafariki. Mimi sikuwa na habari hiyo, ingawa nilikuwa na namba ya Pravin miaka yote. Nilimwambia ninakokwenda na ninachokwenda kuhutubia, na nilipokuwa nasema nikasikia jinsi jambo hilo linavyosikika mbele yake. Yeye alikuwa akitazama shingo yangu.

"Hivyo utaongea na watu? Njoo hapa."

Alinisogeza mlangoni penye mwanga, akatia uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu, akaanza kukishona kifungo shati likiwa mwilini. Watu walipita. Wawili watatu walikuwa wanafunzi wangu wa zamani, nikawaona wananitambua na kuamua kutosalimia.

Nikaona nikiondoka sasa sitarudi tena kulisema. "Mama," nilisema, "siku ile ya kikao, jina lako liliposomwa, nilinyamaza."

"Hukunyamaza."

"Nilinyamaza, mama. Nimelibeba miaka yote."

"Muhtasari wa kikao ulipita mikononi mwangu," alisema, sindano ikiingia na kutoka. "Niliupokea, nikaupa namba, nikauweka kwenye faili. Nilikuwa bado niko kazini. Liliposomwa jina langu, mjumbe mmoja aliuliza kama chai itakuja. Jina lako limeandikwa."

Sikulikumbuka. Niliapa moyoni kwamba si kweli, na papo hapo nikajua ni kweli. Nikafungua mdomo.

"Tulia, nitakuchoma."

Nikatulia. Alizungusha uzi chini ya kifungo, mara moja, mara mbili.

"Ungesema kitu wasingekusikia," alisema. "Labda wangekuondoa na wewe. Najua hayo." Akainamisha kichwa karibu na koo langu, akaukata uzi kwa meno, akalisawazisha kola kwa viganja vyote viwili. "Lakini ningekuwa nimekisoma kwenye muhtasari, mwalimu. Ningekisoma, nikafurahi."

Akarudi nyuma ya meza. Mteja alikuwa anangoja nje na kipande cha kitambaa cha kijani mkononi, na Mama Masjala akawa ameshaanza kukitafutia kifungo.